Kiberiti Mbele ya Daktari

Chaka-chaka! Kaka, kiberiti kimelia mfukoni mwangu nikiinama kumfunga Baba viatu, mbele ya daktari wake wa saratani!

"Kumbe unavuta?" daktari akaniuliza. Mimi, msindikizaji tu!

Nikajitutumua: "Babu mzaa mama alivuta mpaka uzeeni, hakuumwa hata jino."

Akasema, "Vipimo vimeonyesha vimeng'enya vya baba yako, vile vya kuvunja sumu ya moshi, ni vizembe tangu kuzaliwa. Huenda wewe umerithi vya babu, huenda vya baba. Hebu fungua mdomo."

Mdomo huu, kaka! Unaoshusha beti watu wakapiga meza! Umefunguliwa kama droo. Kakuta doa jeupe shavuni, anataka kukata kipande akipime.

Mlango ulikuwa wazi, lakini damu yako utaikimbia uende wapi?

Baba, aliyekatwa nusu ya ulimi, akaninyooshea kiganja. Tangu operesheni hajasema kitu. Leo kasema, "Ni... pe."

Nikampa kiberiti, na pakiti ya sigara juu yake. Nikamwambia kwa sauti, daktari akisikia: "Baba, sivuti tena. Na kesho narudi hapa nikatwe hicho kipande."