Nyama Hugawiwa Mwisho

Jumatatu, 4 Agosti

"Mtu aliyepunguzwa tumbo akinyanyua vyuma anajichimbia kaburi kwa mikono yake mwenyewe." Hayo kayaandika Hoza jana kwenye kundi la simu la tuliosoma pamoja. Anayesemwa ni mimi, niliyepasuliwa tumbo likapunguzwa ili nipungue unene. Hoza ana duka la dawa hapa Manundu, Korogwe, kwa hiyo anajiona daktari.

Uongo. Nimemjibu asubuhi hii, kabla ya chai. Anayepungua akiwa amelala hapungui mafuta peke yake. Mwili unakula mafuta, unakula na minofu, mwisho anabaki ngozi na mifupa, halafu watu wanampongeza. Dawa yake ni kuifanyisha minofu kazi nzito na kuilisha. Protini kwanza, kila mlo. Nyama, samaki, mayai, maharage. Ndiyo maana nanyanyua vyuma. Sijichimbii kaburi, natoka ndani yake. Nikamalizia kwamba tangu tumalize shule yeye hajanyanyua kitu kizito kuliko pakiti ya panado.

Wamecheka. Vizuri.

Baada ya hapo nikala yai moja na kipande cha la pili. Kipande kikakwama. Nikasimama nimeegemea ukuta mpaka kikashuka.

Kwenye jibu langu, habari ya kulisha niliipitia haraka. Hoza hakugundua. Mimi nimegundua.

Jumatano, 6 Agosti

Jimu ya Mwanahamisi iko nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Kila kitu mle kina unga, na sisi tunatoka na unga. Chuma chetu kikubwa ni ekseli ya vile vitoroli vilivyokuwa vikibeba mkonge relini. Uzito ni saruji iliyomiminwa kwenye makopo ya rangi. Mwanahamisi aliwahi kuwa mgambo. Ana mabega ya mgambo na mdomo wa mgambo.

"Kaka, leo umekula nini? Gazeti?"

"Makala mbili na tahariri, nilizoandika mwenyewe."

"Ndiyo maana chuma kinakucheka."

Kweli kilinicheka. Uzito niliounyanyua mwezi uliopita bila kelele, leo uliishia magotini. Nikaushusha. Nikajaribu tena. Magotini.

Nilipoinua kichwa nikamwona baba kwenye kioo.

Sisemi nilifanana naye. Nilimwona. Mashavu yake yaliyobonyea. Mitulinga yake, ile mifupa ya chini ya shingo, imetokeza kama mpini wa jembe. Baba alikuwa mkata mkonge upande wa Mazinde. Alikauka mwaka mzima mbele ya macho yetu, akafa mimi nikiwa shule ya msingi. Tuliambiwa ni kifua. Miaka yote niliyokuwa mnene uso wake ulikuwa umefunikwa chini ya wangu. Sasa mafuta yanaondoka, naye anatoka.

Nikageuka, nikamaliza mazoezi nimekipa kioo mgongo.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeongea na daktari wangu wa Dar, huyo aliyenipasua. Mwanamke mpole. Wapole siwawezi, hawana mahali pa kushika.

Kasema kilo zinashuka vizuri lakini nguvu haikutakiwa kushuka hivi. Kaniuliza nakula nini kabla ya vyuma. Nikasema chai. Baada ya vyuma? Nikasema nachoka, nalala. Akasema tumbo langu ni dogo kama ngumi ya mtoto, sina nafasi ya kubahatisha. Cha kwanza kuingia kiwe nyama au yai. Wali na ugali mwisho, nafasi ikibaki. Maji yasubiri. Na nipunguze uzito wa vyuma mpaka chakula kifikie kazi.

Nilibisha. Nilimtajia niliyoyasoma. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Yote hayo ni kweli, baba, kwa mtu anayekula."

Nimekasirika mchana kutwa. Nimekunywa ule unga wa kopo wa protini. Ladha ya chokaa. Nusu kikombe, basi.

Jumanne, 12 Agosti

Sokoni Manundu mama muuza dagaa kanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akasema, "Ya kuumwa." Kaniongezea dagaa bila kuombwa. Naujua mji huu. Mtu akipungua ana ule ugonjwa, au karogwa, au mke kamkimbia. Mke nilimzika zamani, kwa hiyo nimebakiwa na mawili.

Ningeweza kuandika makala. Nimekaa mezani. Haikuja.

Kila nikipita kwenye dirisha lenye kioo, baba yumo.

Jumapili, 17 Agosti

Handeni, kwa mama. Dua ya kumrehemu baba. Kila mwaka tunaisoma, na kila mwaka mama anapika mwenyewe, hakubali kusaidiwa kwenye pilau ya mumewe.

Niandike yote, maana yananisumbua.

Baada ya dua wanaume tukakaa mkekani. Sinia yetu ilikuwa ya Mjomba Mhina, kaka yake mama, na wajomba wengine wawili. Pilau pembeni, nyama katikati. Hapa kwetu nyama haiguswi. Mnakula wali kutoka upande wenu, mnaizunguka kama haipo, mpaka mkubwa wa sinia atakapoigawa mwisho. Nilipokuwa mdogo niliwahi kunyoosha mkono kabla ya wakati. Baba akanipiga kofi vidoleni. "Nyama haikimbii."

Ilikuwa mbele yangu, karibu kuliko kikombe cha maji. Nilijua cha kufanya. Nilikuwa na maneno ya daktari kichwani, neno kwa neno. Nimegombana kwa maandishi na wahariri, na mashehe, na wachungaji, na maprofesa wawili. Nimeitwa mahakamani, nikaenda nimevaa vizuri. Leo nimeshindwa kunyoosha mkono kwenye kipande cha nyama.

Nikala wali kwa adabu. Tonge tatu, nne. Kifua kikabana. Nimejaa.

Ndipo mjomba akaanza kugawa. Wa kulia, wa kushoto, mimi. Mimi akaniwekea pande kubwa kupita wote.

"Kula, baba. Umekwisha."

Wote wakanitazama. Kuiacha nyama ya mkubwa ni kumtukana. Kuiacha Handeni, kwenye dua, ni kusema umeshuku uchawi kwenye mkono wa aliyepika. Na aliyepika ni mama. Nikaila yote. Mbele ya mjomba mwenyewe hakikubaki kitu. Alipangusa mchuzi wa sinia kwa kidole, akalamba.

Nilitapika nyuma ya choo, nimeshika ua. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama na kopo la maji. Sijui alisimama pale tangu lini. Akanimiminia maji mikononi, kama mgeni. Macho yake yalikuwa kwenye mitulinga yangu.

"Umefika alipofika yeye," akasema. Akarudi jikoni.

Wakati wa kuondoka mjomba alinivuta kando. "Niambie mimi. Nani anakuchezea? Nina mtu wa kukutazama, hapa hapa, hata leo." Nilimtolea hotuba kali, ndefu. Alisikiliza kwa huruma, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa wa homa.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimerudi Korogwe. Sijala. Si kwamba tumbo linakataa. Nikitazama sahani nasikia ile sentensi ya mama.

Nilikumbuka bega la baba. Tita la mkonge lilikaa pale pale, bega la kulia. Nami ekseli inakaa pale.

Jumatano, 20 Agosti

Leo almanusura.

Asubuhi Hoza kaweka picha kwenye kundi. Mtu kanipiga Jumapili kwenye dua, upande, nimeinama juu ya sinia. Hoza kaandika maneno mawili chini yake: "Kaburi tayari." Watu wale wale waliocheka na mimi wakaweka alama za kulia.

Nikaenda jimu na hasira tupu tumboni. Nikaongeza makopo. Mwanahamisi akasema, "Kaka, hapana." Nikamwambia anayelipwa kufundisha afundishe, anayelipa kunyanyua anyanyue. Maneno ya kipumbavu. Niliingia chini ya chuma, nikakiweka mabegani, nikachuchumaa.

Kule chini nikatazama kioo. Baba hakuwa kiooni. Alikuwa ameinama ndani yangu, na tita begani, anasubiri niinuke naye. Nikaanza kuinuka. Mwanga ukaondoka kuanzia pembeni.

Mwanahamisi alinikumbatia kwa nyuma na kunivuta. Chuma kikaanguka, kopo moja likapasuka, saruji ikatapakaa. Vijana wa mashine walikuja kuchungulia mlangoni, weupe kwa unga kama wafu waliofufuka.

"Utanifungishia jimu wewe! Watasema Mwanahamisi kamuua mwandishi!" Kisha sauti yake ikashuka. "Nyumbani kwako kuna nini cha kula?"

Nikasema kipo.

"Sikuuliza kama kipo. Nenda. Usinirudie hapa mpaka ule."

Naogopa. Nimeandika, basi. Naogopa.

Ijumaa, 22 Agosti

Mama amekuja. Sikumwita. Kashuka kwenye basi la kutoka Handeni na jogoo kwapani na majani ya kunde kwenye kapu. Mwanahamisi ndiye aliyempigia. Namba kaitoa wapi sijui. Mgambo hawaachi kazi.

Kakaa kwenye kiti changu cha kuandikia. Akaomba nivue shati. Mwanamume mzima, nikavua. Akanitazama muda mrefu, mbele, nyuma. Akashika mkono wangu wa juu, akaubinya.

"Hapa pana nyama," akasema. "Kwa baba yako hapakuwa na kitu."

Halafu akaniambia ambayo hakuwahi kuniambia.

Baba hakuanza kwa kifua. Alianza kwa kugawa. Nyama ilikuwa siku moja moja, na mkubwa wa sinia alikuwa yeye. Alitupa sisi, akampa mama, na kila mara ilikwisha kabla ya kumfikia. Alipangusa mchuzi. Asubuhi akaenda kukata mkonge na chai tupu. Kazi ile ile, matita yale yale. Mwili ukajila. Kifua kilipokuja kilikuta nyumba haina mtu.

"Mbona hukumwambia?"

"Nilimwambia. Alisema nyama haikimbii." Mama akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Na mimi nilikuwa nawatazama ninyi mnavyonawiri. Wewe ulikuwa na mashavu. Nilipita nawe mbele za watu nikitamba."

Nilitaka kubisha. Tabia. Nikatafuta pa kushika, sikupaona.

Mwezi mzima nimepigana na Hoza kuhusu chuma. Chuma hakina kosa. Baba hakuuawa na mkonge. Mtu anafanya kazi ya watu wawili na kula ya nusu mtu, kisha anaita hiyo nguvu. Nilikwenda kupasuliwa ili niishi, nikarudi nikashika kazi ya baba pale alipoiachia.

Jumapili, 24 Agosti

Kumetulia. Mashine ya kusaga imefungwa Jumapili.

Mama kapika yule jogoo. Sinia moja, sisi wawili. Kaweka wali, kaweka kunde, kaweka kuku katikati. Nikanawa. Mkono ukaenda kwenye wali, wenyewe, bila kunishauri. Mama akaushika kwa vidole. Hakupiga. Akauhamisha mpaka kwenye kuku.

Nikala minofu, kidogo kidogo, natafuna mpaka inakuwa uji. Haikukwama. Wali sikuufikia.

Yeye alichukua paja. Nilimwangalia mpaka akaanza kula.

Kesho nitarudi kwa Mwanahamisi. Nitakula mayai kwanza, nitakaa, ndipo niende. Makopo mawili tu. Nitamlipa saruji yake. Nitatazama kioo. Atakuwepo, hilo nalijua, huu uso hauendi popote tena.

Kwenye kundi sijamjibu Hoza. Badala yake nimemwandikia Mjomba Mhina. Mwezi ujao tuna harusi Handeni, tutakaa sinia moja tena. Nimefuta mara nyingi. Hotuba zote nimezitoa. Imebaki hii, naiweka hapa kabla sijaituma:

Shikamoo mjomba. Uwasomee na wajomba wengine. Sina ugonjwa wa kufichwa na hakuna anayenichezea. Tumbo langu ni dogo, nalo lapokea cha kwanza tu. Siku ya harusi mnipe nyama kabla hatujagusa wali, na msinitazame. Na wewe mjomba, mkono wako nimeuona ukipangusa mchuzi mtupu. Siku hiyo usigawe kwanza. Weka ya kwako mbele yako, ule, sote tukikuona. Ndipo ugawe.