Ndago "Isiyo na Matumizi"

Lemai, uko wapi? Nimetoka sasa hivi kwenye ukumbi wa mkutano wa watafiti, nina hasira!

Unamkumbuka Dokta Hobday, yule mtafiti aliyekaa kwetu wiki tatu, kwenye nyumba yetu ndefu ya familia nyingi, akinywa tuak, ile pombe ya mchele ya mama, kama maji? Leo katangaza aina mpya ya majani ya ndago kutoka msitu wetu. Eti haikuwa ikijulikana. Na nani alimpeleka mpaka inakoota? Si ni mimi!

Subiri, bado. Akasoma: "Jina la wenyeji, hakuna. Matumizi, hayajulikani."

HAYAJULIKANI! Vidole vya mama vimejaa makovu ya majani yake!

Nikasimama. "Dokta, uliwahi kuuliza?"

Akatabasamu. "Dada yangu, hii ni sayansi, siyo hadithi za bibi."

Watu wakacheka. Wakacheka, Lemai! Nilitamani ardhi inimeze.

Halafu nikaiona picha aliyokuwa akituonyesha, imejaa ukuta mzima. Ndago imelazwa vizuri, mizizi imeoshwa. Nikamuuliza, "Na hapo chini umeitandikia nini?"

Akageuka kutazama.

Mkeka wa mama! Ule aliompa alalie, uliosukwa kwa ndago hiyohiyo! Nikamwambia, "Matumizi yake umeyapiga picha mwenyewe."

Hakuna aliyecheka tena. Yeye akaanza kutafuta miwani, na miwani iko usoni.

Nimempigia mama nikidhani atalia. Wapi! Kaguna tu, kasema, "Mwanangu, wiki tatu kaulalia mkeka ule, na mpaka leo hajaamka."