Jina Nililolikata kwenye Barua ya Mutua

Jumatatu, 5 Machi 1934
Miezi saba na siku tatu tangu niondoke Kitui. Kambi ya barabara, karibu na Salama. Kuvunja kokoto tangu asubuhi. Viganja vimepasuka. Jioni barua tatu. Wenzangu husema, mimi naandika, kwa sababu nilifika darasa la nne misheni. Lakini kuandika tu hakunitoshi. Natengeneza pia. Mwalimu wetu alisema neno likitajwa mara mbili, moja ni la kukata. Leo Mutua alisalimu watu ishirini na sita, kila mmoja kwa jina, na mama yake Kalondu mwanzo na tena mwisho. Nikaandika: nawasalimu nyote. Barua safi, nusu ukurasa. Sikumsomea. Nilikuwa na njaa.

Jumapili, 11 Machi
Binamu yake Mutua, anayeuza mbuzi, aliondoka na barua Jumanne. Kioko mpishi ameniletea yake. "Karani, yangu usiinyoe kipara." Watu walicheka. Mimi pia. Nilimwambia barua fupi husikilizwa mpaka mwisho. Naamini hivyo.

Jumatano, 28 Machi
Binamu amerudi. Barua ilisomwa na mwalimu wa kanisa mbele ya boma lote. Kalondu alingoja jina lake. Halikuja. Yeye na Mutua waliachana kwa ugomvi. Hakutaka mwanawe aje huku, na siku ya kuagana alikataa kumpa mkono. Barua ilipoisha aliinuka akasema, "Bado ana hasira na mimi." Tangu siku hiyo hali chakula. Amelala tu.
Mutua aliniuliza kama nilisahau. Nikasema karatasi iliisha. Uongo. Ilibaki nusu.

Alhamisi, 29 Machi
Kila nyundo ikigonga jiwe nasikia jina lile. Wakati wa uji nilimwambia Mutua ukweli. Hakunipiga. "Wewe uliona majina ni mengi," alisema. "Mimi nilikuwa naongea na mwaitu." Mama yangu, yaani. Tukaandika upya. Majina yote. Nikamsomea. Mara mbili alinisimamisha: neno halikuwa lake, lilikuwa langu. Nikatoa langu. Binamu ataondoka nayo alfajiri. Ni siku nne kwa miguu.
Najiandikia nisisahau. Usikate kabla ya kumuuliza mwenye maneno. Msomee mwenyewe, kwa sauti, hata kama una njaa. Anachorudia huenda ndicho alichokuja kusema.

Jumanne, 10 Aprili
Kalondu amekufa. Binamu alipofika na barua alikuta kaburi, amezikwa jana yake.

Ijumaa, 13 Aprili
Sijawahi kumwona mama huyo. Sasa namwona. Yuko ng'ambo ya barabara mchana kweupe, amegeuza sikio upande wangu. Haniulizi kitu. Anangoja. Nikiinua nyundo hayupo, nikiishusha yupo. Barua sita zimeletwa wiki hii. Nimezikataa zote.

Jumapili, 22 Aprili
Mutua alikuja, akakaa mbele yangu na karatasi yake. Nikamwambia atafute mwingine. Hakuondoka. Akaanza salamu. Jina la kwanza Kalondu. Mkono wangu ukasimama.
"Andika," alisema.
Nikaandika. Mwishoni akalitaja tena. Nikaandika tena. Nikamsomea taratibu, akaitikia kila jina.
Mkataba wangu unaisha mwisho wa Julai. Nitapitia kwao Mutua kwanza, nimwambie baba yake ni nani aliyelikata jina. Kwetu nitafika wiki ya kwanza ya Agosti.