Kwa Mtani Wangu Aliyenichongea Mdeki

Mtani wangu,

Huku Njinjo mpunga umeanza kuchanua, nguruwe wameanza kushuka kutoka msituni, na wewe umekufa. Sijui nani alikuchagulia msimu. Mtu mwenye adabu angengoja tuvune kwanza ndipo atuage, lakini adabu ninyi Wamwera wa Kitomanga mliisikia tu ikipita njiani, na sisi Wamatumbi tumelisema hilo tangu enzi za mababu. Nakuandikia kwa sababu asubuhi hii nimesafisha gobore peke yangu, na hakukuwa na mtu wa kuniambia kwamba nalishika kama mwiko wa ugali.

Unakumbuka tulivyokwenda Kivinje kutafuta vifaa vya kulisafishia? Nilikuwa nimepata leseni bomani kwa Mwingereza na kichwa kimenivimba. Gobore lenyewe lilikuwa la marehemu baba, limejaa kutu na masizi ya baruti, nami nilitaka kulinunulia kitu kinachong'aa. Njia nzima uliwaeleza wapita njia kwamba unampeleka Mmatumbi kuonyeshwa bahari.

Dukani nikaliona lile kopo jekundu. Ndani mlikuwa na fimbo ya shaba ya vipande vitatu vya kuunganisha kwa skrubu, brashi ya waya na kichupa cha mafuta. Nikalipenda hapo hapo. Wewe ukaviunganisha vile vipande, ukailaza fimbo juu ya meza ya mwenye duka na kuisukuma ibiringike. Ikaenda ikirukaruka.

"Fimbo iliyopinda hivi," ukasema, "itakwaruza mtutu mpaka uote mifereji."

Ukaikunja kidogo, ikalia kwenye maungio. Ukavuta unyoya mmoja wa waya kwa ukucha, ukang'oka. Ukanusa mafuta, ukamuuliza mwenye duka kama kuna mtu ameshayakaangia samaki.

"Mzee, unanunua au unachezea?" akauliza yule bwana.

"Mimi sinunui. Anayenunua ni huyu, nami nimekuja kumlinda na wewe."

Tulirudi na chupa ya mafuta ya cherehani tu. Ulisema mafuta ya nazi yanaganda na kushika vumbi, na kwamba fundi cherehani hawezi kuweka mafuta mabaya ndani ya mashine inayomlisha. Mdeki, ile fimbo ya kusukumia kitambaa ndani ya mtutu, ukanichongea mwenyewe kwa mpingo. Ulikuwa ukiupasha moto, ukiunyoosha na kuupaka mafuta, unaulaza mezani kuutazama, halafu unaanza tena. Vitambaa ulivitafuta sandukuni mwa mke wangu. Kanga mpya uliikataa kwa sababu inateleza na haifyonzi maji, ukataka ile iliyofuliwa mpaka ikachoka.

"Shemeji, hiyo ndiyo ninayojifunika," mke wangu akakwambia.

"Na gobore nalo linasikia baridi," ukamjibu, ukaichana pale pale mbele yake.

Sikukushukuru. Mtani hashukuriwi. Ukimshukuru umemfanya mgeni, na kati yetu sisi wawili neno hilo halikuwahi kupita. Nilichokwambia ni kwamba mdeki wako umepinda kuliko miguu yako, ukaondoka umeridhika kabisa.

Baadaye ukaniletea brashi ya kupigia mswaki mdomo wa mtutu. Ilikuwa na mpini wa mti na manyoya meusi magumu, na katika misimu yote niliyoitumia haikudondosha hata unyoya. Nilikuwa naitoa baada ya sala ya Ijumaa kuwaonyesha watu barazani. Nikiulizwa imetengenezwa na nini, nasema ni siri ya fundi. Kumbe na mimi sikujua.

Nawe ukangoja mpaka harusi ya binti yangu. Wakwe wamekaa, sinia za pilau zimeshuka, ndipo ukasimama na kuomba ruhusa ya kusema jambo moja la kheri.

"Wakwe zetu watukufu, nimeona ni haki mjue mmeoa kwa nani. Huyu baba anasafisha bunduki yake kwa manyoya ya nguruwe. Nguruwe mwenyewe nilimnyoa mimi."

Watu walicheka mpaka wakaacha kula. Na mimi nikacheka, maana mtani hakasirikiwi. Wageni walipoondoka nilijiosha kwa maji na udongo kama sheria inavyotaka, nikauosha na mtutu vilevile, mke wangu akiwa amesimama mlangoni akiuliza kama gobore nalo linakwenda kuswali. Brashi nikaitupa chooni. Mdeki nao niliuogopa kwa kuwa ulipita humo humo, nikaurudisha kwako. Kisha nikaenda Kivinje peke yangu, nikanunua kopo jekundu. Mwenye duka alinitazama usoni, akatabasamu, akalifuta vumbi kwa kiwiko.

Fimbo ile ilinidumu kwa muda wa kutosha kujutia. Nikiwa nasafisha, skrubu ikajifungua ndani kwa ndani, kipande cha mwisho kikabaki ndani kabisa ya mtutu pamoja na kitambaa chake. Na huo ndio wakati nguruwe walipoingia shamba la jirani yangu na kulilaza lote. Mwaka uliotangulia mvua zilitutupa, watoto wakashinda kwa ming'oko ya kuchimba porini. Mpunga huu ukiliwa, tunarudi porini. Nikahamia shambani na mke wangu, tunapiga makopo na kupayuka, na kopo lenye sauti kali kuliko yote, sikufichi, lilikuwa lile jekundu.

Ulikuja bila kuitwa. Ukamimina mafuta ndani ya mtutu, ukaweka ulimbo wa kunasia ndege kwenye ncha ya mdeki wa mpingo, ukauteremsha taratibu na kuusimamisha juani ushike. Tulikaa tukiungoja. Kila kichaka kilipotikisika nilikuwa nainuka, nawe uliniona, ukaanza kuutukana ukoo wangu mmoja mmoja kuanzia bibi yangu mzaa baba, mpaka nikasahau vichaka nikaanza kukujibu. Ulipouvuta, kipande cha shaba kikatoka kimenata kwenye ncha.

"Zile nywele za brashi zilikuwa za mkia wa ng'ombe, we mtu," ukaniambia huku ukiusafisha ulimbo. "Wewe umewahi kumwona nguruwe anayekaa atulie anyolewe?"

Nilikuita mchawi na mwongo. Ukanikabidhi gobore, ukaenda zako, na jua lilipoanza kushuka nilimpiga dume lao kubwa pembeni mwa shamba. Wenzetu Wakatoliki wakaja kumchukua wakifurahi, nguruwe waliobaki wakakimbilia ng'ambo ya mto. Tulivuna. Mwaka ule watoto wangu walikula wali mpaka wakaacha ukoko.

Sasa nikueleze habari za mazishi yako, kwa kuwa wewe ulikuwa umelala. Nilifanya kazi yangu ya mtani msibani. Jeneza lilipotoka mlangoni nikaziba njia, nikawaambia waliokubeba kwamba hawapiti, huyu Mmwera hajafa, anakwepa zamu ya kulinda mpunga. Hata waliokuwa wakilia wakacheka. Nikasema ni mchanaji wa kanga za wake za watu, azikwe mbali na masanduku. Wakacheka zaidi. Walikuwa wananingoja niseme la mwisho niwapishe. Nikalitazama jeneza, nikawaona watoto wangu wamesimama kando ya njia, wakubwa, wenye afya, na tusi nililokuwa nimeliandaa nikaliacha.

Nikasema, "Ahsante, mtani wangu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Walidhani hilo ndilo tusi langu kubwa kuliko yote. Mkeo peke yake ndiye hakucheka. Nami nikasogea, wakapita na wewe.

Mungu akulaze pema, na akuvumilie.

Mtani wako wa Njinjo