Duara la Mwanaisha

Chaani, Jumanne

Ile karatasi bado inanitisha. Leo kazini niliingiza majina ya ukoo wetu kwenye kompyuta, ili ile programu ya bure niliyopewa kwenye disketi ichore kwenye karatasi nani kamzaa nani. Ikawatia nyanya Mwanaisha, marehemu, na binti yangu mchanga aliyerithi jina lake, ndani ya duara moja. Mshale unatoka kwa nyanya, unapita kwa mama, unafika kwangu, kisha unarudi kwa nyanya.

Kosa ni langu, najua. Kwa programu, jina moja ni mtu mmoja.

Jioni nikamwambia mama kwamba kesho nitamwekea mtoto namba, watengane. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Usiwatenganishe, mwanangu."

Mtoto akaguna chumbani. Mama akainuka mbio, akamwitikia.

"Abee, mama!"

Siku zote hizi nilidhani anamfanyia mzaha.