Mama Mkwe na Viti Tisini na Kimoja

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana kwa mama mkwe sikanyagi tena, wiki ya tatu sasa, na mke wangu anadhani nimemsusa yeye. Kazi yangu ni kukodisha viti na maturubai, na mama mkwe ni mwalimu wa hesabu, basi siku ya sherehe yake ya kustaafu akanipa kazi, viti tisini na kimoja, akataka safu zilingane kisibaki hata kimoja, nikapanga viwili viwili kikabaki kimoja, vitatu vitatu kikabaki kimoja, vitano vitano kikabaki kimoja, jasho likanitoka, nikapaza sauti mbele ya wageni, "Mama, hii ni namba tasa, haigawanyiki!" Akavua miwani. "Mkwe, saba umeijaribu?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na tangu siku hiyo shemeji zangu wananiita Profesa. Jana mama kanitumia ujumbe: "Jumamosi nina viti mia moja kumi na tisa. Ni tasa?" Mshauri, si ananicheka huyu? Niende, au nizime simu?

Mpanga Viti

Mpanga Viti, pole, lakini aibu umejitafutia mwenyewe. Nani alikutuma utangaze kabla hujamaliza? Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, kama kumi na tatu. Nyingine zote zinazozidi moja hujengwa kwa kuzidisha tasa: kumi na mbili ni mbili mara mbili mara tatu. Kwa hiyo jaribu tasa peke yake, nne na sita achana nazo. Mbili ikishindwa, nne itaweza wapi? Unaacha pale tasa ikizidishwa kwa yenyewe inapoipita namba yako. Kumi na moja mara kumi na moja ni mia moja ishirini na moja, imeshapita, basi ulitakiwa ufike saba tu. Wewe ukachokea tano! Saba mara kumi na tatu, tisini na moja hiyo hapo.

Sasa acha kununa. Mtu aliyekuchoka hakutumii hesabu, anakodi viti kwingine. Mama anakuita, tena kwa lugha anayoipenda. Hiyo mia moja kumi na tisa nayo inakubali saba, nimeshaijaribu, lakini jibu usilitume kwa simu. Jumamosi wahi mapema, panga safu saba za viti kumi na saba kabla hajatoka ndani, kisha piga hodi umwambie, "Mama, njoo uhesabu."