Kopo la Viungo

Mdogo wangu kitinda mimba,

Salamu nyingi. U hali gani, na wajukuu hawajambo? Sisi wazima, ukitoa magoti yangu yanayolia kama bawaba kavu. Mkwe wangu ndiye anayeandika, maana mimi kalamu naijua kwa kuiona tu. Nimemkataza kupamba.

Habari ya vidole vyako imenifika. Binti yako amesema vimevimba, mkasi hushiki, na cherehani umeifunika shuka huku nguo za watu zinangoja.

Sasa nisikilize. Ulipokuja kwetu ulipika siku moja tu, na shemeji yako, mwanamume ambaye miaka arobaini hajawahi kuusifu mchuzi wangu, akaramba sahani mpaka maua yake yakaonekana. Akauliza mbele yangu, iweje ndugu wa tumbo moja tusifanane mkono. Nikacheka. Moyoni naungua kama sufuria iliyosahauliwa! Tangu utotoni sifa zote zako: sauti yako, mwendo wako, mshono wako. Sasa hata jiko langu!

Asubuhi nikaona kopo lako la unga dirishani. Nikamwuliza mkwe limeandikwa nini. Alikuwa anafua, akatupa jicho mara moja, akasema ni la viungo, mama. Nikajisemea, kumbe siri yake ndiyo hii.

Mdogo wangu, kopo lako halikupotea. Nililichukua mimi. Ulipolitafuta nikainama nawe chini ya kitanda, na kope sikupepesa. Siku tisa nimetia vijiko viwili katika kila mchuzi. Shemeji yako akasema anakula ukuta uliopakwa chokaa. Jana ndipo mkwe aliponieleza kwamba unga ule ni dawa, na viungo hivyo ni vya mwilini, magoti na vidole, si bizari. Hapa amesimamisha kalamu anacheka. Andika, mwana! Hata magoti yangu, niliyoyalisha bila kujua, yamekataa kupona kwa cha wizi.

Jumamosi nakuja na kopo lako na kilichobaki ndani, na kopo jipya kutoka duka la dawa. Mkasi nitashika mimi, wewe unionyeshe pa kukata. Nitukane mpaka uchoke, ila usinifungie mlango. Duniani sina mwingine wa kumwonea wivu.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Alama hii ya wino ni dole gumba langu, wala hakunishika mtu mkono.

Dada yako mkubwa,
mwizi wako